Sanduku la Ripoti Halina Kitu: Namna ya Kuwafanya Madaktari Tarajali Waripoti Makosa

Kundi jipya la madaktari tarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kwenye mwaka wa mazoezi, likishaingia hospitalini, haipiti miezi miwili simu zinaanza. Anayepiga ni daktari bingwa, au muuguzi kiongozi, au mtu aliyetwishwa "masuala ya ubora" bila kuulizwa kama anayataka. Swali huwa lilelile. Fomu tumechapisha, sanduku tumelipachika ukutani, semina tumefanya na soda zikanywewa, mbona hakuna anayeripoti? Wengine huongeza kwa utani: au hawa wa kwetu hawakosei?

Wanakosea, kama ulivyokosea wewe na mimi tulipokuwa tarajali. Nimechoka kujibu kwa vipande kwenye simu, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia tarajali katika hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa. Mifano ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanya kazi.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: tarajali hasomi bango lako. Anamtazama mwenzake aliyeripoti wa kwanza. Akiona alifokewa kwenye raundi mbele ya wagonjwa, fomu zako zitaliwa na mende. Akiona mwenzake alisikilizwa, na wiki haijaisha kitu kimebadilika wodini, atachukua kalamu. Karibu kila hatua hapa chini inahusu kumlinda huyo wa kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu mmoja wa kupokea ripoti, ambaye hasaini logibuku (daftari la kumbukumbu za mafunzo) ya tarajali yeyote.
- Barua ya mganga mfawidhi, ukurasa mmoja, yenye sahihi na mhuri.
- Fomu ya ukurasa mmoja. Ikizidi hapo, punguza.
- Daftari gumu la kuandikia kila ripoti na kilichofanyika, linalofungiwa kabatini.
- Mfamasia mmoja, muuguzi mmoja na mtu wa maabara walio tayari kupigiwa simu.
- Dakika 30 kwa mwezi ambazo hakuna kikao kingine kinachoruhusiwa kuzila.

Kompyuta si lazima, na bajeti pia. Nimeona mfumo wa kompyuta ulionunuliwa kwa fedha za mradi ukafa siku mradi ulipofungwa, na nimeona daftari la kaunta likidumu miaka sita.

Tunaripoti nini hasa

Tarajali wengi wanadhani ripoti ni ya mgonjwa aliyekufa. Waambie mambo ni matatu. La kwanza ni kosa lililomfikia mgonjwa, liwe limemdhuru au halikumdhuru. La pili ni nusura, yaani kosa lililokuwa njiani likazuiwa. La tatu ni hatari iliyokaa tu ikisubiri siku yake, kama wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana waliolazwa vitanda jirani.

Hilo la majina si mzaha. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafuta damu iliyoganda ambayo ilikuwa kwenye kichwa cha mtu mwingine. Kati ya waliosimamishwa kazi alikuwemo daktari aliyekuwa bado anasomea ubingwa, na wenzake wa mafunzo wakagoma wakisema mzigo umetupwa kwa mdogo. Tarajali wako wanazijua habari hizi. Unapowaambia "ripotini, msiogope", wao wanamkumbuka yule wa Nairobi.

Hatua ya 1: Chagua mpokeaji sahihi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu tangu siku ya kwanza. Wanamteua mkuu wa idara. Sasa fikiria: tarajali ana mwaka mmoja tu, anahamahama kati ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na kila anapoondoka idara lazima mkuu asaini kwamba amefaulu. Ataandikaje kwamba juzi alikosea dozi, kisha ampelekee karatasi hiyo mwenye kalamu ya kumfelisha?

Tafuta mtu mwingine. Mfamasia mwenye kifua cha kutunza siri anafaa sana. Muuguzi mwandamizi anafaa. Daktari aliyemaliza utarajali miaka miwili mitatu iliyopita anafaa pia, kwa sababu bado anakumbuka usingizi ulivyokuwa. Uliza tarajali wenyewe, "Ukiharibu saa tisa usiku, ungempigia nani?" Jina litakalotajwa mara nyingi ndilo unalolitafuta. Likiwa si lako, usinune.

Hatua ya 2: Pata neno la mganga mfawidhi kwa maandishi

Ahadi ya mdomo kwenye kikao cha asubuhi haitoshi. Barua iseme mambo mawili waziwazi. Kwanza, anayeripoti kosa lake mwenyewe kwa wakati hatapewa adhabu ya ndani kwa sababu ya kosa hilo. Pili, itaje yasiyolindwa: kuja kazini umelewa, kumdhuru mtu kwa makusudi, kughushi au kuchana kumbukumbu za mgonjwa, na kuficha kosa hadi ligunduliwe na wengine.

Onyo: usiahidi usichokimiliki. Hospitali haiwezi kuahidi kwa niaba ya Baraza la Madaktari Tanganyika wala kwa niaba ya mahakama. Waambie hivyo. Kijana atakuheshimu zaidi ukimweleza mwisho wa mwavuli wako kuliko ukimwambia mvua haitanyesha kabisa.

Hatua ya 3: Andaa fomu fupi

Maswali sita yanatosha. Usiweke "Jina la aliyekosea". Sehemu ya jina la anayeripoti iwepo, lakini iwe hiari. Hii hapa fomu iliyojazwa, nimeitunga kwa ajili ya mafunzo:

*Lini na wapi?* Jumanne, saa nane usiku, chumba cha upasuaji.

*Nini kilitokea?* Mama wa upasuaji wa dharura. Nilivunja ampuli nikiamini ni bupivakaini ya ganzi ya mgongo. Mtaalamu wa usingizi aliniambia niisome kwa sauti. Ilikuwa asidi ya traneksami.

*Ilimfikia mgonjwa?* Hapana.

*Nini kilizuia?* Kusoma lebo kwa sauti kabla ya kuvuta dawa.

*Nini kilichangia?* Ampuli zinafanana na zilikuwa trei moja. Taa ya pembeni imeungua wiki ya pili sasa. Nilikuwa zamu tangu asubuhi.

*Unashauri nini?* Traneksami itolewe kwenye meza ya usingizi.

Ona kwamba hakuna mtu aliyetukanwa humo. Na ona lile la taa: hakuna mkaguzi angelijua. Mfano wenyewe sikuuokota hewani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu mchanganyo huohuo, kwa sababu traneksami tunayoisifu kwa kuzuia damu baada ya kujifungua inaweza kuua ikiingizwa kwenye uti wa mgongo. Ushauri wao ulikuwa mwepesi: itunzwe mbali na dawa za ganzi.

Hatua ya 4: Anza na kosa lako mwenyewe

Wiki ya kwanza ya kundi jipya, kabla hujaonyesha fomu, simama uwasimulie kosa lako. La kweli, na usichague la kukupamba ("nilijali sana hadi nikasahau kula").

Langu ni hili. Nikiwa tarajali, wodi ya watoto, usiku wa kuamkia Jumapili, niliandika sindano ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtoto wa kilo 8. Dozi ilitakiwa miligramu 60. Nikaandika 600. Sista wa zamu alikuja na faili mkononi na ampuli zimejaa kiganjani, kwa sababu kila moja ilikuwa ya 80, na alikuwa ameshahesabu kwamba atahitaji saba na nusu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, dozi hii ni ya mtoto au ya babu yake?" Nilikata, nikaandika upya, tukacheka, nikamnunulia chai asubuhi. Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba karatasi za dozi za wodi ile hazikuwa na sehemu ya kuandika uzito wa mtoto, na mimi uzito nilikuwa nimeuandika kiganjani. Karatasi ziliendelea kutumika hivyohivyo. Wangapi walioteleza palepale baada yangu, na sista wa namna ile hakuwepo? Hilo ndilo linalonisumbua, kuliko sifuri yenyewe.

Ukimaliza kusimulia, nyamaza. Usigeuze mahubiri. Kwa uzoefu wangu, kabla ya saa sita mchana kuna mmoja atakufuata kwenye korido: "Bosi, naomba dakika mbili."

Hatua ya 5: Fundisha saa ya kwanza

Tarajali aliyekosea akili yake inaruka. Hatakumbuka sera. Mpe mpangilio mfupi, aurudie hadi ukae kichwani.

a) Mgonjwa kwanza. Fomu inasubiri. Kama ni damu isiyo yake, simamisha, acha kanula mahali pake, badilisha seti na uweke salaini, kisha ita msaada. Kama magnesiamu ya kifafa cha mimba imezidi, simamisha, hesabu pumzi, pima mshtuko wa goti, angalia mkojo, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, iwe tayari mkononi.

b) Mwite mkubwa wa zamu mara moja, hata kama ni saa tisa usiku na unajua atanung'unika.

c) Usitupe kitu. Ampuli, kichupa, mfuko wa damu, dripu, boksi, vyote viwekwe pembeni. Mfuko wa damu unarudi maabara na sampuli mpya ya mgonjwa.

d) Andika kwenye faili kilichotokea: saa, dawa, kiasi, hali ya mgonjwa, hatua zilizochukuliwa. Ukweli mtupu, bila kujitetea na bila kumtaja mwenzako kwa ubaya.

e) Zungumza na mgonjwa au ndugu, ukiwa na mkubwa wako.

f) Kisha fomu, kabla zamu haijaisha.

Onyo kubwa kuhusu (d): hakuna kufuta. Ukikosea maandishi, piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, weka tarehe, saa na sahihi. Faili lililopakwa wino mweupe linamtia daktari hatiani hata pale kosa lenyewe lilikuwa dogo. Na fomu ya ripoti haikai kwenye faili la mgonjwa. Faili ni la matibabu, fomu ni ya kujifunza.

Kuhusu (e), tarajali wengi hawajawahi kuona daktari akiomba radhi, kwa hiyo hawajui inavyosikika. Igiza nao. Mmoja awe daktari, mwingine awe mama aliyelazwa, na maneno yawe ya kawaida: "Shikamoo mama. Mimi ni daktari niliyekuwa zamu usiku. Saa nne tulikupa dawa ambayo haikuwa yako. Tumeshaisimamisha, tumekupima, presha na mapigo viko sawa, na tutaendelea kukuangalia kila baada ya saa moja. Tunakuomba radhi sana. Jioni tutarudi tukueleze tulichogundua." Na jioni mrudi kweli. Ndugu wengi ninaowajua walikasirishwa na kimya zaidi kuliko na kosa.

Hatua ya 6: Anza kuvuna nusura

Usianze kwa kudai ripoti za vifo. Anza na nusura, kwa sababu aliyeripoti nusura anajisikia mwokozi, hajisikii mshtakiwa. Kila asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, ongeza swali moja mwishoni: "Usiku kuna kitu kilitutisha?" Dakika mbili tu. Wiki ya kwanza watatazamana. Wewe taja kimoja ulichokiona. Wiki ya pili au ya tatu atajitokeza mmoja. Mpokeaji aandike palepale kwenye daftari, hata kama hakuna fomu iliyojazwa. Ripoti ya mdomo ni ripoti.

Hapa nina ugomvi na wanaopenda sanduku. Sanduku ukutani linaonekana na kila mtu, na anayeliendea na karatasi anaonekana pia. Kwenye hospitali moja nililikuta limepachikwa kando ya mlango wa ofisi ya mganga mfawidhi. Nani atapita hapo? Kama lazima uwe nalo, liweke kwenye chumba cha kupumzikia madaktari, au karibu na birika la chai.

Hatua ya 7: Mkaribishe anayeripoti

Siku ya ripoti ya kwanza ikifika, dakika moja ya mwanzo ndiyo inayoamua. Mpokeaji ajizoeze maneno matatu kwa mpangilio huu: "Mgonjwa yukoje?" Halafu, "Na wewe, umelala? Umekula?" Halafu, "Asante kwa kuniambia." Maswali ya undani baadaye.

Usiseme "Ulikuwa unafikiria nini?" Usiseme "Enzi zetu sisi..." Usimpigie simu bingwa wake akiwa amekaa mbele yako. Na kama mgonjwa ameumia vibaya au amefariki, usimwache kijana arudi zamu peke yake usiku huo. Panga mtu akae naye, au mwombe mwenzake ampokee zamu. Tarajali anayejilaumu huficha uso, anachapa kazi mara mbili, na anakosea tena.

Hatua ya 8: Jibu ndani ya siku tatu

Kuiruka hatua hii ndiko kunakoua mifumo mingi, na kunaua polepole hata huoni. Tarajali anaripoti akiwa leba, baada ya wiki chache anahamia upasuaji, marekebisho yanafanyika leba akiwa hayupo. Kwake yeye ripoti iliingia shimoni. Kwa hiyo jibu limfuate aliko. Ujumbe mfupi kwenye simu unatosha: "Ile ya ampuli tumeifanyia kazi. Traneksami sasa iko kabati la nje. Taa imebadilishwa. Asante." Kama jambo halijawezekana, sema hivyohivyo, na useme linasubiri nini.

Rekebisha kitu kinachoonekana kwa macho. Kibandiko chekundu kwenye kichupa cha potasiamu. Sanduku la karatasi linalotenganisha dawa zinazofanana. Kusoma jina la mgonjwa kwa sauti kabla ya kisu. Vitu hivi vinaonekana vya kitoto, lakini orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ni ya namna hiyohiyo. Ilipojaribiwa katika miji minane, Ifakara yetu ikiwa mmojawapo pamoja na London, Seattle na New Delhi, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalitolewa 2009. Swali la kwanza kwenye orodha ile ni la kuhakiki mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, na sehemu gani ya mwili. Rudi juu ukasome tena habari ya 2007.

Hatua ya 9: Kikao cha mwezi

Dakika 30, ripoti mbili, si zaidi. Majina ya watu yaondolewe, na hata jina la wodi kama linatosha kumfichua mtu. Tarajali aongee kwanza, muuguzi afuate, daktari bingwa awe wa mwisho. Bingwa akianza, wengine wote wanaitikia tu.

Swali la kuongoza ni "Mtu mwenye akili timamu na nia njema, aliwezaje kufika hapa?" Mkiona mazungumzo yanaishia "awe makini zaidi" au "apewe mafunzo", jueni hamjamaliza. Umakini hauwashi taa iliyoungua.

Kama kuna mtu anasema utaratibu wa kutotaja majina hauwezekani kwetu, mkumbushe kwamba tunao tayari. Mapitio ya vifo vya uzazi na watoto wachanga yamejengwa juu ya msingi wa kutotaja jina na kutolaumu, na taarifa ya kifo cha mama inatakiwa ndani ya saa 24. Yakiendeshwa vizuri, watu wanasema kweli. Yakigeuzwa mahakama, kila mama anakuwa "alichelewa kuletwa".

Hatua ya 10: Peleka mbele yanayotakiwa kwenda mbele

Si kila ripoti inaishia kwenye daftari lako. Madhara ya dawa au chanjo, na dawa yenye rangi au harufu ya mashaka, yanakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa fomu yao ya njano. Tarajali anaweza kuijaza mwenyewe, na hahitaji uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo, shaka inatosha. Mshtuko baada ya kuongezewa damu uende benki ya damu. Kifo cha mama kifuate njia yake niliyoitaja. Mpokeaji ndiye anayefuatilia haya, usimwachie tarajali.

Ikikwama

*Miezi mitatu, hakuna ripoti hata moja.* Usichapishe fomu mpya. Keti na tarajali wawili nje ya hospitali, kwa mama lishe, uulize aliyeripoti mara ya mwisho alipatwa na nini. Utaambiwa. Rekebisha hilo kwanza, na ikibidi mganga mfawidhi amwombe radhi mhusika.

*Wauguzi wanaripoti, madaktari hawaripoti.* Hii ni kawaida. Waombe wauguzi, wakikamata kosa la daktari kabla halijafika, wamwambie, "Daktari, hii ni nusura, tuijaze pamoja." Fomu ya watu wawili haina uchungu.

*Ripoti zote ni za kushtakiana.* Mtu ana kisasi na mwenzake, anatumia fomu kama fimbo. Mpokeaji amrudishie aandike upya maswali ya "nini kilichangia" bila kutaja mtu. Wenye kisasi wengi hawarudi. Kama ni ukatili au rushwa kweli, hiyo ina mlango wake, nayo si fomu hii.

*Daktari bingwa amemfoka aliyeripoti.* Chukua hatua siku hiyohiyo. Mganga mfawidhi aende kwa bingwa mwenyewe, faragha, na barua ya hatua ya 2 mkononi. Usimwachie mpokeaji kazi hiyo kama ni mdogo kwa cheo. Ukichelewa wiki, habari imeshafika kila chumba cha tarajali.

*Ripoti ni nyingi kuliko mnavyoweza kushughulikia.* Hongera. Chagua zile ambazo zikijirudia zinaua, nyingine ziandikwe zisubiri. Na mganga mkuu wa mkoa akiuliza kwa nini namba zimepanda, mweleze kwamba zamani makosa yalikuwepo yakinyamaziwa. Kamwe usishindanishe wodi kwa uchache wa ripoti, kwa sababu wodi itakayoshinda ni ile inayoficha.

*Ripoti nyingi zinataja uchovu.* Utatamani kuzipuuza kwa sababu huna watu wa kuongeza. Usizipuuze. Zihesabu kwa miezi mitatu, weka mezani kwenye kikao cha menejimenti pamoja na ratiba za zamu. Niliwahi kuona ratiba ikibadilishwa kwa karatasi ya namna hiyo baada ya malalamiko ya mdomo ya mwaka mzima kutupwa.

*Tarajali ameweka picha ya tukio kwenye kundi la WhatsApp.* Iondolewe mara moja, hata kama jina limefichwa, kwa sababu kovu, kitanda na tarehe vinamtambulisha mtu. Afya ya mgonjwa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini jiulize pia kwa nini aliona WhatsApp ni rahisi kuliko wewe.

*Ndugu wamekuja na wakili au polisi.* Ripoti za ndani zisimame kwa tukio hilo, daftari lifungwe, mganga mfawidhi na mwanasheria wa hospitali au wa serikali washike usukani. Faili lisiguswe na mtu. Tarajali asiitwe kuhojiwa peke yake. Aende na mkubwa wake, na ajulishe chama chake cha kitaaluma.

*Kundi linaondoka na kila kitu kinaanza upya.* Ndivyo ilivyo, kila mwaka. Wiki ya mwisho, mwombe aliyeripoti mara nyingi zaidi abaki siku moja kuwapokea wapya, na hadithi ya kosa aisimulie yeye badala yako. Mpe nauli ya siku hiyo na chakula cha mchana.